Pistoni Kuukuu za Jang'ombe

Fundi alipitisha kamba kwenye tundu la pini, akaiinua pistoni ikaning'inia, kisha akaigonga kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Ikalia. Ulikuwa mlio mwembamba wa juu, ukadumu hewani kiasi cha mtu kuvuta pumzi, ukafifia. Akaiweka kuliani kwake. Akatungika ya pili, akaigonga vilevile, nayo ikatoa sauti fupi na kavu, kama kigae kilichodondoka sakafuni. Hiyo akaiweka kushoto.

"Ina ufa," akaniambia. "Wewe hujauona, na mimi sijauona. Lakini umo."

Ndivyo mama zetu wanavyonunua chungu. Hawatosheki na macho. Hukipiga kwa kifundo cha kidole, wakakitegea sikio, na muuzaji hathubutu kuwaharakisha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwenda Jang'ombe nikiisukuma vespa ya marehemu baba, injini imejamu, nikidhani nitanunua spea na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ilinikuta juu ya kigoda, sijanunua kitu, namtazama mtu anavyosoma chuma.

Ukitoka Mji Mkongwe ukavuka Darajani na kuzipita nyumba ndefu za Michenzani, unaingia ndani ya Ng'ambo, na huko ndiko iliko Jang'ombe. Watalii hawaijui. Wapenzi wa mpira wanaijua barabara, kwa kuwa ndiko zilikotoka Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe. Banda la fundi ni la bati, limeegemea ukuta wa nyumba, wala halina kibao. Anayefika pale ameelekezwa na mtu. Ndani mna benchi, jiliwa, jiko la mkaa, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa pistoni. Kila pistoni imefungwa kitambaa chake chenye oili, maana hewa yetu ya chumvi huila hata alumini, polepole, ikaijaza vidoa vyeupe.

Vespa kwa Kitaliani ni nyigu. Kampuni ya Piaggio iliiombea hataza mwezi wa Aprili 1946, na aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuwa na mapenzi na pikipiki. Hakutaka mnyororo unaotapika grisi kwenye suruali, kwa hiyo injini akaibana ubavuni kwa gurudumu la nyuma, na gia akaziweka mkononi. Silinda ya vespa kubwa imelala upande wa kulia chini ya kava, na feni ndogo huipulizia upepo wa kuipoza. Kwetu Unguja kimekuwa chombo cha watu wazima. Mzee wa kanzu na kofia, mjukuu amesimama mbele kashika usukani naye, kapu la soko limening'inia kwenye ndoano; picha hiyo kila Mzanzibari anafumba macho akaiona. Aina ya PX ilianza kutengenezwa mwaka 1977, na ya baba ni ya namna hiyo, ya cc 150. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 57.8, na pistoni husafiri milimita 57 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Katika injini ya mipigo miwili kama hii, pistoni haisukumi tu. Ndiyo mlango. Ukutani mwa silinda mna matundu, moja la kutolea moshi, mengine ya kuingizia mchanganyiko mpya wa petroli na oili, na pistoni inapopanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni husimama kabisa na kugeuka mara 200 katika kila sekunde moja, huku kichwani inaunguzwa na moto na miguuni inapozwa na petroli mbichi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na moto unaowaka juu yake ni mkali zaidi ya hapo. Kinachoiokoa ni kwamba joto halikai. Linakimbilia kwenye ringi, kwenye ukuta wa silinda, kwenye mapezi, kwenye upepo. Njia hiyo ikizibwa mahali popote, pistoni hufa. Na ikifa huacha maandishi.

Hayo maandishi ndiyo aliyokuwa akiyasoma.

Niseme kwanza yaliyonifikisha pale. Miezi michache kabla nilinunua pistoni mpya katika duka moja mjini, ndani ya boksi linalong'aa, ikang'aa nayo. Haikumaliza mwezi wa pili. Ukingo mwembamba ulio kati ya ringi mbili ulivunjika, vipande vikapita na kuchana silinda, injini ikashika njiani nikaanza kusukuma. Nilimweleza fundi kwa hasira. Yeye hakulilaumu duka wala hakunilaumu mimi. Alikitwaa kipande kilichovunjika, akakipeleka kwenye mwanga, akanionyesha mahali kilipokatika: punje kubwa kubwa, za kijivu, na baina yake vitundu vya hewa kama vya mkate. "Hii ilizaliwa inaumwa," akasema.

Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanaojua huja kwake kutafuta pistoni iliyokwisha kutumika. Pistoni ya mtumba iliyotembea miaka mingi katika injini nzuri imekwisha kutahiniwa. Kama ingekuwa na vitundu vya hewa, ingevunjika zamani. Moto umeipika na kuipoza mara maelfu, na umbo lake limetulia. Mpya ni ahadi. Hii ina ushahidi, iwapo utajua kuusoma, na kuusoma huko ndiko kazi yenyewe.

Fundi alianza kazi miaka ya 1970, wakati bidhaa za kutoka nje zilikuwa adimu Unguja na mtu mwenye chombo alishukuru kwa alichonacho. Pistoni ya injini iliyokufa kwa krenki haikutupwa, kwa kuwa hapakuwa na uhakika wa kuipata nyingine. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 spea zikaanza kuingia, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea na jicho limekwisha kunoleka. Mpaka leo injini ikifunguliwa pale, kitu cha kwanza anachoomba ni pistoni iliyotoka, hata kama mwenyewe amekuja na mpya.

Siku hiyo alikuwa na silinda yangu mkononi. Ilikuwa imechanika, nami nikadhani imekwisha. Akaniambia nisubiri. Alivaa glovu nene na miwani, akachovya kijiti katika kostiki iliyoyeyushwa, ile ile wanayopikia sabuni ya mwani wanawake wa vijiji vya mashariki, akaipaka kwenye mchaniko. Ikaanza kutoa povu. Kostiki hula alumini ikaacha chuma, kwa hiyo kilichokuwa kinachemka ni mabaki ya pistoni yaliyoganda kwenye ukuta. Alipaka, akaosha, akapaka tena, mpaka povu likakoma. Nusu ya michaniko niliyoiona ilikuwa imetoweka. Haikuwa michaniko, ilikuwa alumini iliyonata. Iliyobaki aliipitia kwa ncha ya ukucha, taratibu, kutoka juu kwenda chini. "Hii itatoka na saizi ya kwanza," akasema.

Piaggio hutoa pistoni za vespa hii kwa kupanda milimita 0.2 kila hatua: 57.8, kisha 58.0, 58.2, 58.4. Kila hatua ni chuma kinachokwanguliwa na ambacho hakirudi. Silinda ya kiwandani kwa hiyo ina akiba, na akiba hiyo ina mwisho. Mtu asiye na subira hukimbilia saizi kubwa kabisa ili awe na hakika kuwa mchaniko umetoka, na papo hapo amekula umri wote wa silinda kwa siku moja. Fundi wangu huila kwa kijiko cha chai.

Akaziteremsha pistoni tisa za 58.0 kutoka makopo mawili. Sita alizikataa, na nitaeleza alivyozikataa, kwa sababu katika kukataa ndiko nilikouona ufundi wake waziwazi.

Ya kwanza ilikuwa ile iliyolia kama kigae. Aliilaza ndani ya mafuta ya taa wakati anashughulika na nyingine, akaitoa, akaikausha vizuri kwa kitambaa, kisha akaipaka unga wa chaki. Tukanywa kahawa. Tuliporudi, juu ya weupe wa chaki palikuwa na mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye pembe ya nafasi iliyokatwa kwenye sketi ya pistoni na kupanda kuelekea tundu la pini. Mafuta ya taa yalikuwa yameingia ndani ya ufa na sasa yanatoka. Sikio lake lilikuwa limeusikia robo saa kabla ya jicho langu kuuona.

Ya pili ilikuwa na saizi sahihi ya kuandikwa lakini haikuwa ya PX. Hapa pana mtego ambao umewatesa wengi. Wahindi wa Bajaj walitengeneza vespa kwa leseni ya Piaggio kuanzia 1960 hadi 1971, kisha wakatoa ya kwao, Chetak, iliyopewa jina la farasi wa Maharana Pratap. Silinda ya Chetak ni milimita 57 kwa 57. Pistoni yake ikipanuliwa milimita moja inaandikwa 58.0 kichwani kama ya PX iliyopanda hatua moja, na kwa jicho la haraka ni ndugu wa tumbo moja. Fundi aliigeuza akatazama nafasi za pembeni, akapima umbali kutoka katikati ya pini hadi utosini, akaitenga. "Hii ina mwenyewe," akasema, na akairudisha kwenye kitambaa chake. Haikuwa mbaya. (Jina la Chetak limerudi madukani tangu 2020, kwa skuta ya umeme isiyo na pistoni hata moja. Sina chuki nayo, lakini hapana mtu atakayeigonga na kusikiliza.)

Ya tatu aliigeuza tumboni. Chini ya utosi wa pistoni, upande usioguswa na moto, oili huungua na kuacha rangi. Ikiwa hudhurungi kama kahawa iliyotiwa maziwa, pistoni imeishi katika joto la kawaida. Ile ilikuwa nyeusi tititi, imekauka kama masizi ya chungu. Imepikwa kupita kiasi, na alumini iliyopikwa hivyo hulegea. Haishiki umbo lake tena hata ukiipima leo ukaikuta sawa.

Ya nne ilikuwa imeliwa ukingoni upande wa ekzosi, vishimo vidogo vidogo kama mbao iliyoguswa na mchwa. Ya tano ilikuwa nzuri kila mahali isipokuwa pini mbili ndogo zilizo ndani ya mifereji ya ringi. Kazi ya vijipini hivyo ni kuzuia ringi isizunguke, kwa sababu ncha zake zikifika mbele ya tundu huchomoza, zikanasa, zikavunjika. Alikitikisa kimoja kwa ncha ya sindano. Kikacheza. Kilicheza kidogo sana, lazima uamini kwamba kimecheza. Akaitia kushoto.

Ya sita ilinishangaza, maana kwangu ilikuwa safi kuliko zote. Alichukua ringi mpya akaiingiza mferejini kwa ubavu, akaizungusha pistoni yote, akaninyooshea. Mahali pengi ringi ilikaa sawa. Upande mmoja iliyumba, ikainuka na kushuka kama jino la mtoto. Mfereji uliochoka huifanya ringi ipigepige, na ringi inayopigapiga haipitishi joto wala haizuii gesi.

Zikabaki tatu. Hizo alizisafisha mbele yangu. Utosi aliukwangua kwa ukingo wa kifuu cha nazi, si kwa bisibisi, kwa kuwa kifuu kinaondoa masizi na hakiwezi kuikwaruza alumini. Mifereji aliisafisha kwa kipande cha ringi kuukuu kilichovunjwa na kunolewa ncha. Kidogo kidogo mshale ulio utosini ukajitokeza, ule unaopaswa kuelekezwa kwenye ekzosi, na pembeni yake namba. Kisha akafungua sanduku dogo la mbao, ndani ya kitambaa cha flaneli, akatoa maikromita.

Pistoni si duara kamili, wala si nene sawasawa kutoka juu hadi chini. Kiwanda huifanya nyembamba zaidi juu, kwa kuwa juu ndiko kunakovimba na moto, na huibana kidogo upande wa pini. Mtu akiipima popote atapata namba, na namba hiyo itamdanganya. Fundi hupima chini kwenye sketi, pembe mraba na pini, mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine anaiweka chini ipoe kwa sababu kiganja chake kinaipasha joto. Maikromita husoma sehemu za mia za milimita. Unywele wa binadamu ni kama sehemu 5 hadi 10 za namna hiyo. Alizipima zote tatu, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa banda, akachagua ya kati. Hakuchagua kubwa kuliko zote. Ile kubwa ilikuwa na michubuko minne midogo kwenye pembe nne za sketi, dalili ya injini iliyokimbizwa kabla haijapata moto, pistoni ikavimba haraka kuliko silinda. Ingefaa, akasema, kwa mtu mwenye shida zaidi yangu.

Na hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo nadhani mafundi wengi hawaliulizi. Niliipata wapi ile mpya iliyovunjika alikuwa amekwisha kuambiwa. Alichotaka kujua ni injini ilikuwaje kabla ya hapo. Ilikuwa ikishuka moto taratibu ukifunga gesi, au iliendelea kuunguruma? Oili nilikuwa nikipimia nini? Nikamwambia natia kwa kukisia. Akanyamaza kidogo. Vespa hii hutaka sehemu 2 kwa mia, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na mtu anayekisia siku moja atakisia vibaya. Akaenda kwenye krenki, akazikagua sili zake mbili, moja akaikuta imekauka. Hewa ilikuwa inaingia pale, mchanganyiko unakuwa mkavu, moto unapanda. Pistoni ile ya dukani ilizaliwa inaumwa, kweli, lakini nami nilikuwa nimeitia katika nyumba yenye homa. Kama angenipa pistoni nzuri bila kuitafuta sili ile, angeiua nayo.

Kabla hatujafunga kazi ya siku hiyo alizitwaa zilizokataliwa. Ya Chetak akaihifadhi. Tano zilizobaki aliziweka juu ya chuma na kuzivunja kwa nyundo, moja moja. Nilidhani ni hasira. Akaeleza kwamba pistoni mbovu ikitoka nzima itasafishwa na kuuzwa tena, na itamrudia kijana fulani barabarani usiku. Vipande vilikwenda kwenye gunia. Gunia hununuliwa na watu wa kusubu, wakaviyeyusha wakafanya sufuria.

Nilipoliona gunia lile nilimkumbuka Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, ambaye mapenzi yake kwa pistoni kuukuu yalifika mbali zaidi ya watu wote niliowasoma. Alinunua pikipiki aina ya Indian Scout mwaka 1920 na hakuiacha kwa miongo kadhaa. Pistoni za kuhimili mwendo alioutaka hazikuwepo, kwa hiyo alikusanya kuukuu, akaziyeyusha, akazisubu upya mwenyewe bandani kwake, akazichonga, akazivunja kwa mbio, akaanza tena. Zilizovunjika alizipanga kwenye rafu kama sadaka. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka pikipiki hiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Marekani na kuweka rekodi ya daraja lake. Hesabu yake ilipokuja kusahihishwa mwaka 2014 ilikuwa kilomita 296 kwa saa. Injini yake ilikuwa na umri wa miaka 47. Wanaounda injini za mashindano za pikipiki za zamani hadi leo wako katika hali ya namna hiyo: kiwanda kimefungwa, spea hazipo, wanatafuta pistoni ya chombo kingine yenye pini sawa na kimo sawa, wanaipima, wanaigonga, wanaipaka rangi ya kufichua nyufa. Vyombo vyao ni vya bei kubwa kuliko mafuta ya taa na chaki. Maswali ni yale yale.

Siku ya pili tuliipeleka silinda kwa mchongaji mwenye mashine. Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwenye chombo alijue. Fundi hakumwambia mchongaji "chonga 58.0." Alimpa pistoni yenyewe mkononi. Pistoni iliyotembea imepungua kidogo kutoka namba iliyoandikwa utosini, na silinda lazima ichongwe kuifuata pistoni hiyo, pamoja na nafasi yake ya kuvimbia, wala isifuate maandishi. Silinda ikichongwa kwanza na pistoni ikatafutwa baadaye, hata iwe mpya, unaozesha watu wasiojuana. Faida ya pili ni kwamba kwa kuwa pistoni imepungua, chuma kinachokwanguliwa nacho hupungua. Akiba ya silinda ya baba imeguswa kwa uchache unaowezekana.

Ringi zilikuwa mpya, na klipu za pini mpya. Kwa hivyo viwili hana mjadala na mtu. Ringi kuukuu imekwisha kujizoesha na ukuta mwingine, na klipu iliyowahi kufunguliwa imepoteza mkazo wake. Aliisukuma ringi ndani ya silinda kwa utosi wa pistoni ili ikae sawa, akapima mwanya wa ncha zake: milimita 0.25. Ungekuwa mdogo zaidi, moto ungezikutanisha ncha zikasukumana na kuvunjika. Angeupanua kwa tupa, mkupuo mmoja mmoja, akipima kila mara. Haukuhitaji.

Kisha akafanya kitu ambacho nakiona mpaka sasa. Aliibandika sufuria ndogo ya maji jikoni, akaitia pistoni ndani kama anayechemsha yai. Maji yalipochemka aliitoa kwa kitambaa, na pini ambayo dakika tano kabla isingeingia kwa nguvu ya mkono ikateleza kupita tundu la kwanza, konrodi, tundu la pili, bila nyundo wala kelele. Alumini ilikuwa imetanuka kuliko chuma cha pini. Alikuwa na muda mfupi tu kabla haijapoa. Mdomo wa injini ulikuwa umezibwa kwa kitambaa safi tangu mwanzo, ili klipu ikimponyoka isitumbukie kwenye krenki. Haikumponyoka, na kitambaa hakukiondoa mpaka alipokwisha.

Jambo la mwisho lilikuwa waya. Alipitisha kipande cha waya laini wa risasi, wa kuchomelea redio, kwenye tundu la plagi mpaka ukaugusa ukuta wa silinda, akaizungusha injini kwa mkono mara moja, akautoa. Ncha ilikuwa imebanwa ikawa bapa. Akaipima kwa maikromita, akajua pistoni inapita umbali gani kutoka kwenye hedi. Alitikisa kichwa kukubali.

Vespa iliwaka kwa teke la tatu. Alinikataza kuipanda siku hiyo. Iliunguruma pale pale mpaka ikapata moto, ikazimwa ikapoa kabisa, ikawashwa tena, mara tatu. Nilipomuuliza bei ya pistoni akanitajia robo ya nilichotoa dukani, na ya kazi akaitaja kwa sauti ya chini, nami nikamwongeza. Huu ni mwaka wa pili. Nimeifungua mara moja tu kusafisha ekzosi, na kwa kupitia tundu lake nikaiona sketi ya pistoni: laini, ya kijivu, haina mchubuko.

Nawe ukifungua injini yako, ya vespa au ya chombo kingine chochote cha zamani, usiitupe pistoni inayotoka wala usimpe mtoto achezee. Ifunge kwa kitambaa chenye oili, utie na karatasi ndani: imetoka katika injini gani, ilitembea kiasi gani, na ilisimama kwa sababu gani. Kisha mpelekee fundi wa mtaa wako. Kopo analo.